Puglia ina zabibu zake, chupa ni za nani?

Kwa zaidi ya miaka mia moja mvinyo wa Puglia, kusini mwa Italia, ulinunuliwa kwa digrii. Dalali alifika kwenye kiwanda cha ushirika au kwa mwenye shamba, akachota mvinyo kwenye tangi, akapima kiwango cha kileo, akakizidisha kwa idadi ya hektolita (kila moja lita 100), kisha wakapatana bei ya kila digrii. Kileo kikipanda, hela inaongezeka. Harufu ya mvinyo, umri wa mizabibu, shamba ulikotoka na mikono iliyopogoa havikuwa na nafasi kwenye hesabu hiyo. Mzigo ulipakiwa kwenye behewa, na baadaye kwenye malori ya matangi, ukaelekea kaskazini, na huko ukamiminwa ndani ya mvinyo wa watu wengine.

Naanza na dalali na kipimo chake kwa sababu bila hao wawili, mazungumzo ya leo kuhusu zabibu za kienyeji za Puglia hayaeleweki.

Puglia ni kisigino cha buti la Italia: mkoa mrefu, mwembamba, wenye bahari pande mbili, jua kali, mvua haba, na udongo mwekundu uliotandazika juu ya mawe ya chokaa. Kwa wingi wa mvinyo mara nyingi hushika nafasi ya pili Italia nzima, nyuma ya Veneto ya kaskazini. Kwa zabibu zake yenyewe ni tajiri kuliko mikoa mingi: Primitivo, Negroamaro, Nero di Troia, Susumaniello, Bombino nyeusi na nyeupe, Verdeca, Bianco d'Alessano, Minutolo. Siku hizi chupa zenye majina hayo zimejaa kwenye maduka makubwa ya Ujerumani na Uingereza, na wapo wengi wanaosema kwamba Puglia sasa imejikomboa. Mimi naona imejikomboa nusu. Zabibu zimeokolewa na majina yake yamejulikana, lakini hatua ya mwisho, ile ya kujaza chupa, kubandika lebo na kupanga bei, bado kwa sehemu kubwa inafanyika nje ya mkoa, na faida inabaki hukohuko. Hatari ninayoiona sasa inatokana na zabibu ileile iliyoleta sifa, yaani Primitivo.

Kaskazini mwa Italia kuna mazoea ya zamani ya kuwaona wakulima wa kusini kuwa watu waliopenda wingi wakapuuza ubora. Historia haisemi hivyo. Kilichowasukuma kwenye wingi ni mdudu wa Ufaransa. Miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi ya mizabibu hadi ife, alianza kuteketeza mashamba ya kusini mwa Ufaransa, na kufikia miaka ya 1870 Wafaransa walikuwa wanatafuta mvinyo mzito, mweusi, wenye nguvu, wa kujazia mapipa yao. Puglia ilikuwa nao. Wenye ardhi wakawapa vibarua maeneo ya mawe kwa mikataba ya miaka mingi: vunja mawe, panda mizabibu, itunze, kodi utalipa itakapoanza kuzaa. Ardhi ya Bari, Barletta na Cerignola, ambako zamani kulikuwa na ngano na malisho ya kondoo, ikageuka kuwa mashamba ya mizabibu ndani ya kizazi kimoja.

Mwaka 1888 Italia na Ufaransa ziliingia kwenye vita vya ushuru, na mlango wa Ufaransa ukafungwa. Bei ikaporomoka, benki zilizokuwa zimekopesha zikaanguka, na vibarua waliovunja mawe kwa mikono yao wakaipoteza mizabibu waliyoipanda wenyewe. Soko la Austria-Hungaria liliwapa nafuu kwa miaka kama kumi hivi, kisha filoksera naye akafika Puglia. Mashamba yakang'olewa na kupandwa upya kwa kuunganisha vipandikizi vya kienyeji kwenye mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo. Cerignola ya miaka hiyo ndiyo iliyomzaa Giuseppe Di Vittorio mwaka 1892, mtoto wa kibarua aliyeingia shambani akiwa bado mdogo, akaja kuliongoza CGIL, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi wa Italia. Ukiujua mji wake, njia yake unaielewa.

Baada ya Wafaransa, wateja wakawa Waitalia wenzao. Viwanda vya vermut, mvinyo unaotiwa viungo, vya mji wa kaskazini wa Torino vilihitaji mvinyo mweupe usio na makeke, na Verdeca ya bonde la Itria iliwatosha. Wafanyabiashara wa kaskazini walihitaji rangi na kileo kila jua lilipowanyima, na hapo Primitivo na Negroamaro zikaenda kuwasaidia. Kila msimu mzigo uliondoka, na kila msimu jina la Puglia lilibaki kituoni.

Kulikuwa na wachache waliokataa. Kampuni ya Leone de Castris ya Salice Salentino ilianza mwaka 1943 kuuza mvinyo wa rangi ya waridi ndani ya chupa, ukiwa na jina la Five Roses, baada ya afisa wa Kimarekani Charles Poletti kuagiza shehena kubwa kwa ajili ya majeshi ya Washirika. Chupa zilikuwa shida wakati wa vita, wakatumia chupa za bia zilizookotwa. Unatajwa kuwa mvinyo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa kwenye chupa nchini Italia. Angalia hali ilivyokuwa: vita inaendelea, bandari zimevurugika, mabehewa hayana uhakika, na mtu wa Salento, ncha ya kusini ya Puglia, anagundua kwamba akiujaza mvinyo mwenyewe na kuupa jina, mnunuzi anamfuata mlangoni. Ulitengenezwa kwa Negroamaro, zabibu ambayo wengine walikuwa bado wanaiuza kwa digrii.

Sasa niiseme Primitivo kwa karibu, maana bila kuitazama kichala kwa kichala mtu atadhani tatizo lake ni la biashara tu.

Ukikishika kichala cha Primitivo mwishoni mwa Agosti utakuta umri tatu tofauti juu ya kikonyo kimoja. Kuna punje nyeusi zilizoshiba. Kuna nyingine zimeanza kusinyaa, ngozi imejikunja, sukari imekolea ndani. Na hapa na pale kuna punje ngumu za kijani ambazo hazijui kama msimu umefika. Mvunaji akizisubiri za kijani, zilizosinyaa zinakauka kabisa na kileo kinapaa. Akivuna mapema, mvinyo unabaki na ukali wa majani mabichi. Kwenye joto la mji wa Manduria siku chache tu za kusitasita zinatosha kuutoa mvinyo kwenye kileo cha asilimia 14 na kuufikisha 15 au zaidi. Halafu mzabibu huohuo una zawadi ya pili: matawi yake ya pembeni hutoa vichala vidogo vinavyoiva wiki kadhaa baadaye, vyenye uchachu zaidi. Wazee walirudi shambani kuvivuna, wakavitumia kuuamsha mvinyo uliolala kwa utamu. Mashine hairudi.

Historia ya zabibu hii nayo ina somo. Mwishoni mwa karne ya 18 padri mmoja wa Gioia del Colle, Francesco Filippo Indellicati, aliona katikati ya mchanganyiko wa mizabibu ya shambani aina moja iliyoiva kabla ya nyingine zote. Akaichagua na kuipanda peke yake. Mwaka 1881 binti wa ukoo wa Sabini wa Altamura aliolewa Manduria, na katika mahari yake kulikuwa na vipandikizi vya Primitivo. Hivyo ndivyo ilivyofika pwani ya Ionia, mahali panapoitangaza leo. Mwaka 1967 mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka California, Austin Goheen, alipita Bari akaona inafanana mno na Zinfandel ya kwao. Mwaka 1994 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alithibitisha kwa vinasaba kwamba Primitivo na Zinfandel ni zabibu moja. Mwaka 2001 yeye na wanasayansi wa Kroatia wakaipata ileile kwenye shamba la zamani huko Kaštel Novi, pwani ya Dalmatia, ikiitwa Crljenak Kaštelanski, ikiwa imebaki mizabibu michache tu.

Wapo waliouchukua ugunduzi huo kama pigo kwa Puglia: kumbe zabibu si yenu, imevuka bahari ya Adriatiki. Hoja hiyo hainishawishi. Zabibu karibu zote zimesafiri, na miaka mia mbili ya kuchagua, kupogoa na kupanda upya kwenye udongo mwekundu inatosha kuifanya kuwa ya kwao. Kinachonigusa ni upande mwingine wa habari hiyo. Ikiwa California inaupanda mmea uleule, ikauita jina jingine na kuuza kwa bei yake, basi jina la zabibu halimlindi mkulima. Yeyote mwenye ardhi na jua anaweza kuipanda zabibu hiyo. Mahali na namna ya kulima ndivyo visivyohamishika, na hivyo viwili ndivyo ambavyo Puglia imevitupa zaidi.

Namna ya kulima ninayoisema ni ile wanayoiita alberello. Ni mzabibu mfupi unaosimama peke yake bila nguzo wala waya, kimo cha kiuno au chini yake, shina nene lililopindapinda kama mkono wa mzee, na juu yake matawi matatu manne yaliyofunguka pande zote. Majani yake yanavitia kivuli vichala na udongo wa chini. Mizizi inapenya kwenye nyufa za chokaa kutafuta unyevu, na mkulima hamwagilii. Hekta moja huchukua mizabibu kama 5,000, iliyopangwa karibukaribu, na kazi yote ni jembe, mkasi na mgongo wa mtu. Mavuno ni kidogo. Mvinyo wake una uzito bila ulegevu, kwa sababu kila mzabibu umebeba vichala vichache tu.

Upande wa pili kuna tendone, dari ya waya iliyoinuliwa juu ya kichwa cha mtu, yenye umwagiliaji, inayotoa tani nyingi kwa hekta. Nani angechagua alberello wakati malipo ni ya wingi na digrii? Ndivyo wengi walivyohamia kwenye dari, na wengine wakapanda Trebbiano, Sangiovese na Montepulciano, zabibu za Italia ya kati zinazozaa bila kusumbua. Miaka ya 1980 Ulaya ikawa na mvinyo mwingi usio na mnywaji. Jumuiya ya Ulaya ililipa mvinyo wa ziada uchemshwe kuwa spiriti, na mvinyo mwingi wa Puglia ulitengenezwa huku ukijulikana kwamba hakuna atakayeunywa. Kisha zikaja fedha za kung'oa: kuanzia 1988 mkulima alilipwa fidia kwa kila hekta aliyoing'oa moja kwa moja, na mageuzi ya 2008 yakafungua awamu nyingine ya miaka mitatu, iliyolenga hekta 175,000 katika Umoja wa Ulaya mzima.

Kwenye karatasi mpango huo ulikuwa na mantiki: mvinyo mbaya umezidi, punguza mizabibu. Lakini nani aliyejitokeza kuchukua fedha? Hakuwa mwenye tendone ya hekta 40 inayozaa vizuri. Alikuwa mzee wa miaka 70 mwenye nusu hekta ya alberello iliyopandwa na baba yake, watoto wako Torino au Stuttgart, mgongo umechoka, na bei ya zabibu hailipi hata vibarua. Fidia ilizidi mapato yake ya miaka kadhaa. Simlaumu hata kidogo. Lawama yangu iko kwa walioandika sheria iliyopima shamba kwa hekta tu, isiyotofautisha mzabibu wa miaka 60 wa Salento na dari ya mvinyo wa kuchemshia spiriti. Haki za kupanda upya, yaani ruhusa ya kupanda mizabibu badala ya iliyong'olewa, nazo zikauzwa kwenda mikoa mingine, kwa hiyo sehemu ya mizabibu ya kusini iligeuka kuwa mizabibu ya kaskazini kwa njia ya karatasi. Mizabibu ya namna ile haiwezi kuagizwa dukani. Inahitaji miaka 60.

Katikati ya hayo kuna watu waliofanya kazi kinyume na soko. Severino Garofano, mtaalamu wa mvinyo aliyezaliwa upande wa Avellino, alifika Copertino, mji wa Salento, mwaka 1957 akafanya kazi na ushirika wa wakulima wa pale kwa miongo kadhaa. Aliiamini Negroamaro wakati karibu hakuna aliyeiamini. Akishirikiana na mzalishaji Cosimo Taurino walitoa Patriglione, mvinyo wa mizabibu ya zamani iliyovunwa kwa kuchelewa, wa kwanza ukiwa wa mavuno ya 1975. Na kwa kampuni ya Agricole Vallone akatoa Graticciaia, ambao vichala vyake huanikwa kwanza juu ya mikeka ya matete. Mivinyo hiyo ilithibitisha kwamba zabibu ya kuchanganyia inaweza kukaa kwenye chupa miaka ishirini ikazidi kuwa nzuri.

Na hapa nataka kusema wazi msimamo wangu: zabibu kubwa ya Puglia ni Negroamaro, siyo Primitivo. Inaiva mwishoni mwa Septemba, wakati usiku umeanza kupoa. Inastahimili ukame. Katikati ya joto lote lile inabaki na uchachu, na ndiyo maana inatoa mvinyo mwekundu wa kula nao chakula, wenye uchungu mwembamba unaobaki ulimini baada ya kumeza, na inatoa pia mvinyo wa waridi ulio bora kuliko wowote ninaoujua kusini mwa Italia. Kwa mvinyo huu wa waridi zabibu husagwa, maganda yakaachwa na maji yake kwa saa chache, pengine usiku mmoja tu, kisha yakatenganishwa. Rangi inakuwa imekolea kuelekea tini lililoiva, na ladha ina mwili. Zabibu yenye sifa hizo, katika karne inayozidi kuwa na joto, ni mali. Lakini nenda kwenye duka lolote kubwa la Ulaya uhesabu chupa: za Primitivo ni nyingi mno kuliko za Negroamaro.

Sababu ni utamu. Primitivo iliyoiva kupita kiasi, yenye kileo kikubwa, iliyoachiwa sukari kidogo na kulainishwa, inamfurahisha mnywaji kwa mara ya kwanza bila kumdai chochote. Wanunuzi wakubwa wamegundua hilo, wakaomba zaidi. Ikaja mitindo ya kuanika zabibu kidogo kabla ya kukamua, ambayo huko Valpolicella, eneo la mvinyo la Veneto, ni kazi ya gharama, na huku ikawa njia ya kupata uzito kwa bei rahisi. Chupa nzito, lebo yenye dhahabu, jina la kifahari. Ndani yake mahali hapasikiki tena. Ukinipa glasi tatu za mvinyo wa namna hiyo, moja ya Gioia del Colle penye mwinuko na usiku wa baridi, moja ya Manduria karibu na bahari, moja ya tambarare ya mashariki, nitapata shida kuzitenganisha, ilhali zabibu hizo zikiachwa ziseme zenyewe zinatofautiana sana.

Geuza chupa usome nyuma. Sheria inataka aliyejaza chupa atajwe, na mahali. Kwenye mvinyo ulioandikwa Puglia IGT, daraja pana linaloruhusu zabibu za mkoa mzima, mara nyingi utakuta mjazaji yuko kaskazini, Veneto au Piemonte. Hakuna sheria iliyovunjwa. Daraja hilo linaruhusu. Lakini fuata hela: mkulima wa Puglia ameuza zabibu au mvinyo wa tangi, lori limepanda kaskazini kama lilivyopanda mwaka 1950, na kampuni ya huko imejaza, imeuza, imepanga bei. Kilichobadilika ni kwamba sasa jina la Puglia limeandikwa mbele. Zamani mkoa ulitoa mvinyo bila jina. Sasa unatoa mvinyo pamoja na jina.

Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa zaidi. Wakulima wa Makutupora na Hombolo wanajua maana ya kuuza zabibu kwa kilo au mchuzi wa zabibu kwa lita, na wanajua msimu unapojaa na mnunuzi anapojivuta, nani anapanga bei. Dodoma wana zabibu nyekundu wanayoiita kwa jina la Makutupora, na wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Puglia haliwezekani. Sisemi hali zinalingana. Nasema tu kwamba anayepanga kuijenga sekta ile afuatilie Puglia, aone jinsi mkoa unavyoweza kuwa wa pili nchini kwa wingi na bado mkulima wake akahesabu senti.

Kuna suala la kazi ambalo wauzaji wa mvinyo hawapendi liguswe. Mwezi Julai 2015 mwanamke wa miaka 49 alifia shambani upande wa Andria akiwa anapunguza punje za zabibu za kula, baada ya kusafirishwa usiku kwa basi kutoka upande wa Taranto kwa ujira mdogo sana. Kifo chake, na vingine vya kiangazi kilekile vikiwemo vya wahamiaji wa Kiafrika kwenye mashamba ya nyanya, viliisukuma Italia kupitisha sheria namba 199 ya 2016 dhidi ya wanyapara wanaokodisha watu kwa siku na kukata ujira wao. Zile zilikuwa zabibu za kula, lakini vibarua ni walewale na wanyapara ni walewale. Chupa inapouzwa dukani kwa bei ya mkate na jibini, mahali pa kwanza pa kubana gharama ni mkono wa kibarua. Kwa hiyo ninapodai bei ya zabibu ipande, nawaza pia wanaozivuna.

Watu wa ushirika wana jibu lao, na ni jibu zito. Wanasema: una wanachama elfu moja, wengi wana hekta moja au pungufu, na kila Septemba matrekta yanapanga foleni getini. Huwezi kumwambia kila mmoja asubiri miaka mitano mvinyo wake ukomae. Mvinyo wa tangi unaleta fedha taslimu kabla ya Krismasi. Mwaka ukiwa mbaya, kama 2023 ugonjwa wa ukungu ulipoyala mashamba ya kusini, fedha hiyo ndiyo inayozuia shamba lisiuzwe. Hili nalikubali. Sidai matangi yote yageuke chupa.

Ila ushirika wenyewe umeonyesha njia. Wakulima 19 wa San Marzano walioungana mwaka 1962 wamekuwa kampuni ya ushirika inayouza dunia nzima, na mvinyo wao unaojulikana zaidi, Sessantanni, unatokana na Primitivo ya mizabibu ya miaka 60, na umri huo ndio jina lake. Kule Cellino San Marco ushirika wa Cantine Due Palme, ulioanzishwa mwaka 1989, umejenga mvinyo wa Salice Salentino wenye heshima kwa Negroamaro. Ushirika wa Locorotondo ulianza zamani kujaza mvinyo wake mweupe. Hawa si matajiri wa mjini walionunua shamba la kupumzikia. Ni wakulima wadogo walioamua kwamba chupa itajazwa nyumbani.

Kaskazini ya mkoa inanipa matumaini zaidi, ingawa haisemwi sana. Chini ya mji wa San Severo, kwenye mahandaki ya kale, marafiki watatu waliopenda kupiga jazi pamoja walianzisha D'Araprì mwaka 1979 ili kutengeneza mvinyo wa mapovu kwa Bombino nyeupe, wakiuchachusha mara ya pili ndani ya chupa. Bombino ilikuwa ikidharauliwa kama zabibu ya kujazia tangi. Uchachu wake uliowachosha wanunuzi wa mvinyo wa kawaida ndio hasa unaotakiwa kwenye mapovu. Na karibu na Castel del Monte, ile ngome ya pembe nane ya mfalme Federico wa Pili iliyochorwa kwenye senti moja ya yuro ya Italia, Nero di Troia imepewa daraja la juu kabisa la DOCG tangu 2011. Ni zabibu inayochelewa, inaiva Oktoba, na ina ukakasi unaokausha mdomo ikiwa changa. Zamani waliichanganya ili kuupa mvinyo mwingine uti wa mgongo. Ikipewa muda inatoa harufu ya maua ya zambarau na mvinyo ulionyooka, usio na sukari ya kubembeleza, kinyume kabisa cha kile ambacho soko limezoea kukiita Puglia.

Susumaniello ya Brindisi nayo inastahili kutajwa. Ikiwa changa inazaa kupita kiasi, ikifika miaka kumi hivi mavuno yanaanguka, na kwa hiyo ilikuwa ya kwanza kung'olewa kwenye hesabu ya digrii na tani. Wachache waliobakiza mizabibu mikongwe ndio wenye mbegu ya kila Susumaniello iliyopandwa miaka ya karibuni, na tayari naona dalili za wanunuzi wakubwa kuiomba ifanywe tamu kama Primitivo.

Hapo ndipo vyama vya wazalishaji vya Puglia vinapopaswa kusimama sasa, kabla hali haijajirudia. Mosi, mvinyo wenye jina la eneo, siyo la mkoa tu, ujazwe ndani ya eneo hilo, kama maeneo mengine ya Italia yalivyojiwekea. Pili, alberello ya zaidi ya miaka 40 iwe na rejista yake na ruzuku yake, kwa sababu Umoja uliotoa fedha kuing'oa unaweza kutoa fedha kuitunza. Tatu, ushirika uache kabisa kulipa zabibu za mizabibu ya zamani kwa kipimo cha sukari, maana mzee mwenye nusu hekta akilipwa sawa na mwenye dari ya waya, msimu ujao ataitafuta nambari ya simu ya mwenye tingatinga. Wanachama wanaopiga kura kwenye mikutano mikuu ya ushirika huo ni wakulima wenyewe, na hili la tatu halihitaji ruhusa ya Roma wala Brussels.